Mawe ya Kuvika Ukuta wa Nje: Khabari za Tunduma na Songwe



Tangu msimu uliopita umalizike, maswali niliyoyapokea ofisini juu ya nyumba ni mengi kuliko yale ya karafuu zenyewe. Wala si ajabu. Karafuu zikisha kuchumwa, zikaanikwa, zikakauka, zikapimwa, na mkulima akisha kuwalipa wachumaji na kumridhisha mwenye duka aliyekuwa akimkopesha mchele, fikira yake ya kwanza ni nyumba. Baba zetu waliondoa makuti wakaezeka bati. Sisi tukatia saruji chini. Sasa vijana wetu wanaorudi kutoka bara wanatuletea khabari ya mawe bapa, membamba, yanayobandikwa kwenye ukuta wa nje hata mpita njia akadhani nyumba nzima imejengwa kwa jiwe la kuchonga.

Wanachama watatu wameniuliza kama mawe hayo yatufaa. Wawili waliuliza kabla ya kutoa fedha, na hao jibu lao ni jepesi. Wa tatu alikuwa amekwisha kuyanunua. Fedha zake zote za mwaka, zile zilizosalia baada ya madeni, zimegeuka mawe, na mawe yamelala chini ya mwembe uani kwa mama yake yakingoja fundi. Nyumba anayotaka kuivika ni ya mama huyo: nyumba ya miti na udongo, ya siku nyingi. Mama mwenyewe ni mtu mzima, na barazani pa nyumba hiyo ndipo anapokaa toka alasiri hata magharibi pamoja na wajukuu zake. Kwa ajili ya baraza ile ndiyo nimeona niandike kwa urefu.

Mawe yale yametoka Mkoa wa Songwe, mbali kabisa, upande wa kusini magharibi ya Tanzania. Na ilivyokuwa mwezi wa Julai nilikwenda Tunduma kumtazama jamaa yetu mwenye duka la nguo huko, nilipata nafasi ya kuona kazi hiyo ikifanywa na watu walioizoea, na kuona pia mahali ilipoharibika.

Kwa wasioijua, Tunduma ni mji wa mpakani. Ng'ambo yake ni Nakonde, katika nchi ya Zambia. Kutoka Dar es Salaam ni safari ya zaidi ya kilometa 900 kwa barabara, na Reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa Wachina baina ya mwaka 1970 na 1975, yapita hapo hapo ikielekea Kapiri Mposhi. Malori makubwa ya kwenda Zambia na Kongo husimama foleni ndefu, na yakianza kwenda, kioo cha dirisha la duka hulia. Mkoa wenyewe ni mpya. Ulimegwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016, na makao yake makuu ni Vwawa, katika Wilaya ya Mbozi. Wakulima wa Mbozi ni watu wa kahawa. Kahawa kwao ni kama karafuu kwetu: fedha huja mara moja, na mtu akikosea katika fedha hiyo hungoja mwaka mzima. Basi sikujiona mgeni sana katika mazungumzo yao, ingawa baridi ya huko mwezi wa Julai ilinifanya nivae koti la kuazima mchana kutwa.

Jiwe lenyewe lastahili kuelezwa. Katika bonde la mto Songwe kuna chemchemi za maji ya moto. Maji hayo hutoka chini ya ardhi yakiwa yamebeba chokaa iliyoyeyuka. Yakifika juu, chokaa huganda tabaka juu ya tabaka, na kwa miaka maelfu tabaka hizo zimekuwa mwamba. Jiwe hilo ni la rangi ya maziwa, pengine ya asali, nalo lina vitundu vitundu kama mkate wa kumimina uliopikwa vizuri. Kiwanda cha saruji kilichopo Songwe, upande wa Mbeya, kinatumia jiwe la chokaa la bonde hilo hilo kwa kutengeneza saruji. Ama likikatwa kwa msumeno wa mashine katika vipande vyembamba, ndiyo yale mawe ya kuvika ukuta. Mbali na hilo yako mawe magumu zaidi, ya kung'aa, yanayochimbwa kwingine katika nyanda zile.

Neno moja kabla sijaendelea. Wenzetu wa bara ukiwaambia "fremu" wataelewa chumba cha duka cha kupangisha. Mimi nilimwuliza fundi mmoja wa Tunduma habari za fremu ya ukuta, naye akanitajia kodi ya mwezi. Kwa hiyo hapa nitasema kiunzi, nikikusudia zile nguzo na mbao zinazosimamishwa kwanza, ndipo ukuta ukavikwa juu yake.

Sasa niwasimulie nilichokiona. Kando ya barabara kuu palikuwa na safu ya vyumba vya maduka, ukuta wa matofali ya kuchoma, umepigwa lipu, na mbele yote ilikuwa imevikwa mawe. Katika mvua za mwisho wa masika kipande kipana kama mlango wa msikiti kilikuwa kimeanguka chote pamoja, kama mtu avuliwaye kanzu. Alhamdulillahi kilianguka usiku. Mchana pale hukaa mama mmoja na sinia lake la maandazi. Mawe yaliyoanguka walikuwa wameyapanga pembeni, nikayageuza kutazama migongo yake. Saruji ilikuwa bado imeyashika mawe vizuri sana. Lakini upande wa pili wa saruji ile ulikuwa laini kama sahani, na una rangi ya buluu. Ukuta ulikuwa umepakwa rangi ya mafuta zamani, na aliyebandika mawe hakuikwangua. Saruji ilishika rangi, na rangi ikauacha ukuta.

Fundi aliyekuwa akitengeneza upya, mwashi mtu mzima wa Kinyiha, hakumlaumu aliyemtangulia. Aliniambia, "Ostadhi, watu wote huja kuniuliza gundi gani nzuri. Hakuna aulizaye ukuta wake ukoje." Kisha akaendelea kugonga lipu ile kwa patasi, shimo baada ya shimo, na nadhani siku nzima ile hakubandika hata jiwe moja.

Maneno ya fundi yule ndiyo mzizi wa jambo lote. Jiwe la kuvika halibebi kitu. Jiwe la msingi hubeba ukuta, na jiwe la ukuta hubeba paa, lakini hili ni nguo tu, na nguo hii ni nzito. Natuhesabu. Jiwe lenye unene wa sentimita moja, na ukubwa wa mita moja kwa mita moja, lina uzito wa kilo 25 hivi. Mengi niliyoyaona yalikuwa ya sentimita mbili, yaani kilo 50. Nyuma yake kuna saruji na mchanga: tabaka la kwanza la kukwaruza, la nusu inchi, na tabaka la kubandikia kiasi hicho hicho. Hizo ni kilo 50 nyingine. Basi kila mita ya mraba ya ukuta wako utakuwa umeitwika kilo 100.

Nyumba ya mita 10 kwa mita 8, yenye kuta za urefu wa futi tisa, ukitoa milango na madirisha, ina kiasi cha mita 80 za mraba upande wa nje. Mara 100, ni kilo 8,000. Mwenye kupima karafuu na afikiri magunia 160 ya kilo hamsini hamsini, yametundikwa kwenye kuta zake nje, mchana na usiku, kiangazi na masika.

Huko Mbozi kuna kimondo kinachojulikana duniani, jiwe la chuma lililoanguka kutoka angani, urefu wake mita tatu, na uzito wake hukadiriwa tani 16. Wageni hupelekwa kulitazama, nami nilipelekwa. Kilichonipendeza zaidi ni khabari ya chini yake. Baada ya kimondo hicho kujulikana kwa wataalamu mwaka 1930, walichimba udongo kulizunguka ili lionekane lote, wakaacha nguzo ya udongo iliyolibeba, kisha nguzo ile wakaitia nguvu kwa zege. Hawakujaribu kulitundika, waliliacha likae juu ya kitu. Ile nyumba yetu ya mita 10 kwa 8 imebeba nusu ya kimondo, na haina zege chini yake.

Kwa mwenye ukuta wa matofali au wa mawe juu ya msingi wa haki, jambo lawezekana, na sitamvunja moyo. Ukuta uwe mkavu, usiwe na rangi, na uwe na mikwaruzo. Ukiwa na rangi igongwe yote. Kisha hurushiwa saruji nyepesi na mchanga mnene, kwa mwiko, ikabaki na matuta matuta ya kushikia, ikaachwa ikauke siku kadha huku ikinyweshwa maji. Mgongo wa jiwe husuguliwa kwa brashi na maji mpaka vumbi la msumeno litoke. Vumbi lile ni adui kama rangi. Saruji hupakwa ukutani na hupakwa mgongoni mwa jiwe, halafu jiwe hukandamizwa na kutikiswa kidogo hata saruji itokeze pembeni. Fundi wa Tunduma huanzia chini, juu ya ubao aliousawazisha kwa pimamaji, na hapandi zaidi ya futi tatu kwa siku. Kesho yake hupita akigonga kila jiwe kwa mpini wa mwiko. Likilia zito hulipita. Likilia kama dafu tupu hulitoa hapo hapo, ajapokuwa mwenye nyumba amesimama nyuma yake amenuna. Na siku zote hizo kazi hufunikwa kwa magunia yaliyoloweshwa, jambo ambalo sisi hatuna dhiki nalo.

Ama ukuta wa kiunzi cha mbao, huo una sheria zake, nazo ni kali zaidi, kwa sababu mbao hupinda na jiwe halipindi. Marekani, ambako nyumba nyingi ni za kiunzi, kanuni zao za ujenzi kwa miaka mingi zimeweka kikomo cha ratili 15 kwa futi moja ya mraba kwa mawe ya kubandika, yaani kama kilo 73 kwa mita ya mraba, bila ya kuhesabu saruji ya nyuma. Jiwe la sentimita mbili lapita. La sentimita tatu limekwisha kupindukia.

Katika nyanda za juu za kusini mbao hazina shida. Misonobari na mikaratusi imepandwa maeneo makubwa, na msitu wa Sao Hill karibu na Mafinga ndio mkubwa kuliko yote ya kupandwa nchini. Kiunzi cha kubeba mawe hujengwa hivi. Ubao wa chini hulazwa juu ya msingi wa zege, si juu ya udongo, na hufungwa kwa komeo za chuma zilizotiwa katika zege ilipokuwa mbichi. Baina ya zege na ubao hutandikwa karatasi la lami, unyevu usipande. Nguzo za mbao za mbili kwa nne husimamishwa kila inchi 16, toka katikati ya nguzo hata katikati ya nguzo. Mtu akitaka kubana matumizi akaziweka kila futi mbili, ukuta utasimama na bati halitaanguka, lakini utacheza, na mawe yatakwambia. Ukuta ukipita futi tisa kwenda juu, mbao ziwe mbili kwa sita. Katikati ya nguzo hupigiliwa vipande vya kukaza, na pembeni mbao za kukingama, ili upepo ukisukuma, nyumba nzima isukumwe pamoja.

Kipimo cha kucheza ni hiki: ukuta wa futi tisa usipinde katikati zaidi ya sehemu moja katika 360 ya urefu wake, na hiyo ni chini ya thuluthi ya inchi. Nani atapima hivyo kijijini? Fundi hufunga uzi toka juu hata chini, akamwita kijana mwenye nguvu ausukume ukuta kwa bega, yeye akitazama uzi. Ukuta ukiuacha uzi kwa upana wa kidole, hakuna kubandika.

Juu ya nguzo hupigiliwa mbao bapa au plaiwudi, nje. Kisha huja karatasi la kuzuia maji, tabaka mbili, nalo hutandazwa kuanzia chini kwenda juu, la juu likilalia la chini, kama tunavyoezeka makuti. Juu ya karatasi huja wavu wa waya uliochovywa zinki. Wavu huu ndio utakaobeba zile kilo 100, kwa hiyo misumari yake lazima ipate nguzo, kila inchi sita, wala isiishie kwenye plaiwudi tu. Na wavu usilale chapa juu ya karatasi. Uachwe nafasi ndogo ili saruji ipite nyuma yake na kuukumbatia. Wavu wa kuku mwepesi haufai kazi hii. Niliuona umetumika mahali pamoja kwa sababu ya urahisi wa bei, na vidole vyangu viwili viliweza kuuvuta ukutoka na saruji yake.

Mawe manene, ya inchi mbili tatu, hayabandikwi kabisa. Hayo hujengwa kama ukuta wa pili mbele ya kiunzi, yakisimama juu ya ukingo wa msingi uliotengenezwa kwa ajili yake tangu mwanzo, na kuachiwa nafasi ya inchi moja ya hewa baina yake na ukuta wa ndani. Vipande vya chuma vilivyopigiliwa kwenye nguzo huingia katika viungo vya mawe na kuyazuia yasiegemee nje; visipungue vinne kwa kila mita ya mraba. Juu ya mlango na dirisha huwekwa chuma cha pembe kubeba mawe ya juu, na chuma hicho lazima kikalie mawe ya pande zote mbili. Asiye na ukingo katika msingi wake na asahau mawe manene.

Nimekaa sana juu ya uzito. Lakini mzee mmoja aliyenunua chai pamoja nasi pale Vwawa, mwenye nyumba mbili zilizovikwa, alisema uzito haukumsumbua hata siku moja. Kilichomsumbua ni maji. Na huko mvua ni msimu mmoja, Novemba mpaka Aprili. Kwetu ni masika na vuli, na baina yake manyunyu. Mawe na saruji havizuii maji. Mvua ya upepo hupenya katika viungo, huteremka nyuma ya mawe, na ikikosa pa kutokea hukaa. Twajua sote karafuu ikitiwa guniani na unyevu hufanya nini: nje gunia ni zuri, ndani imechacha na kupata joto. Mbao zilizofungiwa maji nyuma ya mawe huoza kimya kimya namna hiyo hiyo. Ndiyo sababu ya karatasi tabaka mbili, na ndiyo sababu chini kabisa, mawe yanapoanzia, lazima paachwe njia ya maji kutoka. Mawe yasifike ardhini. Yaachwe inchi nne juu ya udongo, au inchi mbili juu ya saruji ya baraza. Wengi hawapendi nafasi hiyo, waiona kama suruali fupi. Lakini ukiyateremsha mawe mpaka udongoni, maji hupanda na mchwa hupanda nayo, na mchwa akiwa nyuma ya jiwe humuoni mpaka siku ile. Na upenu uwe mrefu. Upenu wa futi mbili wazuia maji mengi kuliko dawa yo yote ya kopo.

Tena nyanda zile hutetemeka. Tarehe 13 Desemba 1910 palitokea tetemeko la Rukwa, kubwa kuliko mengi yaliyopata kuonekana Afrika ya Mashariki. Na Desemba 2009 mitetemeko mfululizo ilibomoa nyumba Karonga, Malawi, ng'ambo ya mto Songwe. Asidhani mtu kwamba kwetu ni salama kabisa. Tarehe 12 Agosti 2020 ardhi ilitikisika chini ya bahari upande wa Mafia, hata watu wa Dar es Salaam wakatoka nje ya majumba.

Tukirudi kwetu visiwani, kuna mambo mawili ambayo fundi wa Tunduma hayajui, maana hakuzaliwa pwani. La kwanza ni chumvi. Wavu wa zinki ambao Vwawa wadumu miaka, hapa karibu na bahari hushika kutu upesi, na chuma kikishika kutu huvimba na kuisukuma saruji nje. Anayejenga karibu na pwani atumie chuma kisichoshika kutu au asitumie wavu. Na mchanga wa bahari usiingie katika kazi hii hata ndoo moja. La pili ni kwamba sisi tulikuwa na viunzi vya kubeba mawe kabla ya saruji kuja. Nyumba yetu ya kukandika ni nini? Nguzo huchimbiwa, fito hufungwa ndani na nje kwa kamba, na baina yake hujazwa mawe ya matumbawe na udongo, kisha juu hupigwa chokaa. Mawe pale hayakubandikwa kwenye kiunzi. Yamo tumboni mwake. Na wajenzi wakubwa wa pwani walipotaka jiwe la urembo walifanya kwa akili hiyo hiyo. Pale Husuni Kubwa, Kilwa, jumba la karne ya 14, kuta ni za matumbawe ya kawaida na chokaa, na mahali pa mlango paliwekwa tumbawe laini lililochongwa lingali na unyevu wa bahari. Lakini kila jiwe la urembo limejengwa ndani ya ukuta, mkia wake umeingia. Hawakulibandika usoni.

Wala ukubwa wa jengo si kinga. Beit el Ajaib ilisimama Unguja tangu mwaka 1883, na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka na watu wawili wakafa. Sisemi kwamba sababu ilikuwa hii ninayoiandika. Nasema uzito uliopo juu haulali usingizi.

Sasa nyumba ya mama wa mwanachama wetu. Nilikwenda pamoja naye kuitazama. Tulitoa udongo kidogo chini ya nguzo ya pembeni, na kisu cha kukatia muhogo kikaingia mpaka mpini. Mchwa amekula, na ukuta umesimama kwa mazoea na kwa sababu fito zashikana. Hata nguzo zingekuwa nzima, saruji haishiki udongo. Udongo hunywa maji ukavimba, hukauka ukanywea, na saruji haifuati. Baada ya masika mbili hutengana kama ganda la yai lililochemshwa. Na tukiifunga nyumba ile kwa saruji na mawe, unyevu wote wa ndani utakosa pa kutokea, na hizo nguzo zilizosalia zitakwisha upesi zaidi. Nilimwambia asibandike hata jiwe moja katika ukuta ule. Alinyamaza kitambo. Mtu amesafirisha mawe kwa lori toka Songwe mpaka Dar es Salaam, na kwa chombo mpaka hapa, si rahisi kumwambia hivyo mbele ya mama yake.

Mama ndiye aliyesema. Aliuliza, "Haya mawe hayalaliki chini?" Yanalalika, na chini ndiko yanakostahili. Baraza yake ni ya mawe na chokaa, imara, imejengwa juu ya ardhi. Tumekubaliana mawe yatandazwe juu ya baraza ile na kwenye uso wake wa mbele, futi moja na nusu tu kwenda juu, ambako hata jiwe likitoka halina pa kuangukia ila miguuni. Upande wa juu ataweka wenye vitundu vingi, usiteleze wakati wa mvua. Ukuta utabadilishwa nguzo za pembe nne kwanza, mwakani inshallah, na utapigwa chokaa kama ulivyokuwa. Mawe yatakayobaki, nayo ni zaidi ya nusu, atayauza. Wale wanachama wawili wenye kuta za matofali wamekwisha kuyaulizia, na mmoja wao nimemwambia aanze kukwangua rangi.

Anayetaka kuuza au kununua mawe hayo na apite kwa katibu, tuelewane bei ya haki baina ya wanachama. Anayetaka kuvika ukuta wake alete kwanza vipimo: urefu, kwenda juu, umejengwa kwa nini, na msingi wake una upana gani, bila ya hivyo sitaweza kumjibu. Kipande kimoja cha jiwe la Songwe, cha futi moja kwa futi moja, nimekiweka mezani ofisini, kinazuia karatasi zisipeperuke. Mwenye kutaka kukishika na kukipima mkononi na aje siku yo yote asubuhi, isipokuwa Ijumaa.